Masaa Manane Si Saa Nane

Itafute bahasha ya dawa uliyopewa mara ya mwisho ulipompeleka mtoto zahanati. Wengi tunazo, zimebaki kabatini au chini ya godoro zikiwa na vidonge viwili vitatu ndani. Tazama kilichoandikwa juu yake. Mara nyingi ni tarakimu mbili na alama ya kuzidisha katikati: 1x3, 2x2. Aliyeandika ameshaandika hivyo mara nyingi mno, na kwake maana ni moja tu: kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Kwa mzazi aliyejifunza alama hiyo shule ya msingi, moja mara tatu ni tatu. Anaweza kumpa mtoto vidonge vitatu kwa mkupuo, na hesabu yake itakuwa sahihi kabisa.

Mzazi huyo ataambiwa hakusikiliza. Sisi tunasema alisoma vizuri kile alichoandikiwa. Wiki hii safu hii inazungumzia maneno ya hospitalini, kwa sababu dawa nzuri iliyotunzwa vizuri inaweza kupotezwa nguvu yake katika hatua chache tu kati ya dirisha la dawa na lango la kutokea.

Chukua maelezo yaliyozoeleka kuliko yote: kutwa mara tatu. Kutwa, kwa Kiswahili walichokulia wazee wa Ujiji na wa pwani, ni mchana, tangu jua kuchomoza mpaka kutua. Ndiyo maana husemwa kutwa kucha. Aliyeambiwa kutwa mara tatu ana kila haki ya kumeza asubuhi, adhuhuri na alasiri, kisha akalala. Tangu alasiri mpaka asubuhi ni zaidi ya nusu ya siku nzima mwili unakaa bila dawa, na vijidudu vilivyokuwa vinadhoofika vinapata nafasi ya kupumua. Daktari alitaka dozi tatu zigawanywe sawasawa ndani ya mchana na usiku. Hakulisema hilo. Alisema kutwa.

Lakini neno linalotutia hofu zaidi ni saa nane.

Dawa mseto ya malaria, ile tunayoiita ALu, imekuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali nchini tangu 2006. Wazee wanakumbuka zilizotangulia. Klorokwini ilimezwa mara moja kwa siku, siku tatu, mpaka ilipoachwa 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. SP iliyoifuata ilimezwa mara moja basi, na mgonjwa hakuwa na cha kukosea. ALu ina dozi sita, na zina mpangilio wake: ya kwanza pale pale, ya pili baada ya muda wa masaa manane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mtu mzima humeza vidonge vinne kila mara, jumla ishirini na vinne. Mtoto hupewa kwa kadiri ya uzito wake, kuanzia kidonge kimoja kila mara kwa mwenye kilo tano mpaka chini ya kumi na tano.

Sasa fikiria mama amempa mwanawe dozi ya kwanza pale zahanati saa nne asubuhi, naye ameambiwa, "Nyingine utampa baada ya saa nane." Dozi hiyo inatakiwa saa kumi na mbili jioni. Mama amesikia saa nane. Kama ni mwepesi wa kutii, saa nane mchana mtoto atakuwa amepewa dozi ya pili, masaa manne tu baada ya ile ya kwanza. Kama saa nane ya mchana imempita akiwa njiani, atakesha mpaka saa nane ya usiku, masaa kumi na sita. Mama wa namna hiyo si mzembe hata kidogo, maana mzembe hakeshi kungoja saa.

Walimu wa Kiswahili watatukemea hapa. Wao hufundisha kwamba saa haina wingi wa masaa, na kwamba tuseme saa nane tukitaja wakati na saa nane tukitaja muda. Tunawaheshimu, lakini mwananchi wa sokoni ametatua tatizo ambalo sarufi imeliacha: akisema masaa manane anataja muda, akisema saa nane anataja mshale wa saa. Kwenye dirisha la dawa tunamwunga mkono mwananchi. Na lililo bora zaidi ni mhudumu kutazama saa ukutani na kusema, "Sasa ni saa nne. Dozi ya pili mpe leo saa kumi na mbili jioni." Asipokwambia hivyo, mwulize wewe: "Ni saa ngapi hasa leo?"

Kuna neno jingine kwenye dawa hiyo hiyo. Utaambiwa umeze na chakula chenye mafuta. Wapo wanaosikia hapo amri ya kununua nyama au siagi, na kwa kuwa hela haipo, wanameza na chai ya rangi. Kigoma tuna bahati. Mafuta yanayotakiwa si mengi, ni ya kuisaidia dawa iingie kwenye damu, na ugali kwa migebuka au dagaa waliopikwa kwa mawese unatosha kabisa. Mtoto anayenyonya anyonye. Akiitapika dawa kabla ya nusu saa kupita, rudia dozi ile, kisha urudi kuchukua nyingine ya kufidia, maana pakiti imehesabiwa na haina ziada.

Kijiko nacho hatukiachi. Dawa ya maji ya mtoto ikiandikwa kijiko kimoja, makusudio ni mililita tano. Kijiko kikubwa cha kulia wali hubeba kama mililita kumi na tano, yaani dozi tatu kwa mara moja. Omba kikombe kidogo chenye mistari au bomba la sindano lisilo na sindano, na umwombe mhudumu akuonyeshe kwa kidole mstari wa mtoto wako.

Tuhamie kwenye majibu ya maabara, maana huko nako kuna mtego. Tumezoea kusikia mtazamo chanya, fikra chanya, maendeleo chanya. Chanya ni kuzuri. Hasi, kwa wafugaji, ni dume lililoondolewa uzazi. Kisha mtu anakaa mbele ya meza ya daktari na kuambiwa kipimo chake ni chanya. Maabarani maneno haya hayana uzuri wala ubaya ndani yake. Chanya maana yake kilichotafutwa kimeonekana, hasi maana yake hakikuonekana. Mwenye kutafuta mtoto hufurahia chanya ya ujauzito, na mtu yule yule huliliwa na moyo kwa chanya ya virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo ukipewa jibu, uliza maswali mawili: "Mlikuwa mnatafuta nini? Kimeonekana?"

Hasi ya malaria ndiyo inayoleta ugomvi zaidi. Mtoto ana homa, kipimo cha haraka kinasema hasi, na mzazi anadai dawa mseto hivyo hivyo kwa sababu mwili wa mtoto unawaka. Kipimo kimejibu swali moja tu, la malaria. Hakikusema mtoto ni mzima. Homa yaweza kuwa ya nimonia, ya sikio, ya mkojo, na ukilazimisha dawa ya malaria unaondoka nyumbani kwa daktari na ugonjwa wenyewe haujaguswa. Tena kipimo hicho cha haraka huweza kuonyesha chanya wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa sababu kinachokamatwa ni mabaki ya kimelea yanayochelewa kwisha kwenye damu. Mweleze mhudumu kwamba mtoto alimaliza dozi wiki mbili zilizopita. Neno hilo dogo linaweza kubadilisha uamuzi wake, pengine akaagiza damu itazamwe kwa darubini.

Na damu. "Damu yako ni nane," mjamzito anaambiwa, naye anajiuliza nane ya nini. Lita? Chupa? Asilimia? Ni gramu nane za hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba hewa safi mwilini, katika kila desilita moja ya damu. Mjamzito anatakiwa awe na kumi na moja au zaidi. Ikiwa chini ya saba, usiondoke hospitali mpaka umejua hatua inayofuata.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kwamba dawa ya tatizo hili ni kuacha maneno ya kitaalamu na kusema Kiswahili cha kila siku. Si rahisi hivyo. Maneno ya kila siku nayo yanadanganya, na ziwa letu ndilo shahidi.

Wataalamu wa afya wanatuambia tunywe maji safi. Simama asubuhi ufukweni siku isiyo na upepo. Maji ya Tanganyika ni angavu, unaona mawe chini na samaki wakipita. Nani atayaita machafu? Mwaka 2015, mwezi Mei, makumi ya maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya Burundi walijikuta kwenye kijiji cha Kagunga, kaskazini, mahali penye ziwa mbele na milima nyuma. Walilala ufukweni, wakajisaidia karibu na walipolala, wakachota na kunywa maji ya ziwa. MV Liemba, meli ile kongwe iliyoundwa Ujerumani 1913, ilikwenda na kurudi ikiwaleta mjini Kigoma, wakapumzishwa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kilisafiri nao. Katika wiki chache waliougua walifika kama 3,000, na zaidi ya 30 walifariki, wakiwamo Watanzania.

Bakteria wa kipindupindu hawatii maji rangi, hawayapi harufu, hawabadilishi ladha yake. Neno safi, ambalo kwetu ni la macho, haliwezi kuwakamata. Maji safi yanaweza kuua. Neno linalotakiwa ni salama, na usalama hauonekani, unatengenezwa: maji yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti yake, kisha yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko. Tukisema maji safi na salama kwa pumzi moja, kama tunavyofanya kwenye mabango, msikilizaji wa Katonga au Kibirizi anachukua neno analoliona na kuliacha asiloliona.

Mtoto akiharisha, utasikia neno jingine: upungufu wa maji mwilini. Ni refu, na halimwambii mzazi atazame wapi. Tazama macho yaliyozama. Tazama kama analia bila machozi, kama mkojo umekuwa kidogo. Mfinye kidogo ngozi ya tumbo uiachie. Ikirudi polepole badala ya mara moja, maji yamepungua sana na hapo ni hospitali bila kungoja kesho. Kwa kichanga, pitisha mkono utosini uone kama pamebonyea. Wapo wanaomnyima mtoto maji wakisema kila anachokunywa kinatoka. Kinatoka ndiyo, lakini kinachotoka ni akiba yake, na usipoirudisha itakwisha. Maji ya chumvichumvi yanachanganywa kwa kipimo cha pakiti. Nyingi ni za lita moja, yaani chupa mbili za nusu lita za maji ya dukani. Maji yakiwa machache kuliko kipimo, chumvi itazidi na kumdhuru mtoto. Yakiwa mengi mno, hayatasaidia inavyotakiwa. Mpe kidogokidogo kila baada ya kuharisha, akitapika ngoja kama dakika kumi uendelee taratibu, na yaliyobaki baada ya siku nzima yamwage. Vidonge vya zinki alivyopewa vimalizwe hata kama tumbo limetulia siku ya tatu.

Ziwa hilo hilo lina kichocho, na kichocho nacho kina tatizo la jina. Mwambie mtu neno hilo, atafikiri juu ya kukojoa damu. Hicho ni kimoja. Kipo kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kinachojulikana zaidi mwambao wa Tanganyika, na mkojo wa mwenye nacho unaweza kuwa mweupe kabisa. Damu, ikiwapo, hutoka kwenye choo kikubwa. Tumbo huuma, na miaka ikipita ini na bandama huvimba. Mvuvi au mwanafunzi anayeogelea kila siku anakagua mkojo wake, anaona uko sawa, anasema hana kichocho. Hakudanganya. Amejibu jina, ugonjwa haujaulizwa. Mzazi wa mtoto wa ufukweni, uliza kipimo cha choo.

Katika maneno yetu wenyewe, hata hivyo, hakuna lililogharimu watoto wengi kama degedege. Jina lenyewe lina mbawa. Katika sehemu nyingi za nchi yetu watu waliamini, na wapo wanaoamini bado, kwamba ni ndege au pepo aliyempitia mtoto juu yake. Watafiti waliozungumza na wazazi Bagamoyo miaka ya 1990 walikuta jambo la kusikitisha. Wazazi walijua malaria vizuri: homa ya mbu, inatibiwa hospitali. Walijua na degedege: ugonjwa mwingine, wa mganga wa kienyeji, na mtoto akichomwa sindano akiwa nao atakufa. Redio ilikuwa ikitangaza kila siku kwamba malaria inatibika, na wazazi walisikia na kukubali. Kisha mtoto alipokakamaa na kugeuza macho, walifukiza moshi, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba huyo ndiye mtoto wa malaria anayetajwa redioni.

Maneno mawili, ugonjwa mmoja, na katikati yake masaa yaliyopotea.

Basi tuseme wazi. Degedege ni ubongo wa mtoto kuvurugika kwa muda. Huweza kuletwa na homa kali tu, na malaria iliyofika ubongoni, na homa ya uti wa mgongo, au sukari kushuka mno, na huwezi kujua ni kipi kwa kumtazama. Mlaze ubavu ili mate na matapishi yasimpalie. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimfukize, usimmwagie kitu, usimpe cha kunywa mpaka azinduke. Mpeleke. Kama zahanati iko karibu na hospitali iko mbali, malaria kali ikishukiwa anaweza kuwekewa dawa ya artesuneti njia ya haja kubwa kabla ya safari. Dawa hiyo haimalizi matibabu. Inampa muda wa kufika kwenye sindano. Na sindano haimuui mtoto wa degedege. Waliokufa baada ya sindano wengi walifikishwa wakiwa wamechelewa, na sindano ikabeba lawama ya saa zilizotangulia.

Kifafa cha mimba kina kasoro ya jina karibu sawa na hiyo. Ni neno la Kiswahili, kila mtu analielewa, na ndipo hatari ilipo: familia inasikia kifafa, inatafuta nani katika ukoo alikuwa nacho, au nani kamroga bibi harusi. Haihusiani na kifafa cha kawaida. Ni shinikizo la damu lililopanda kwa sababu ya ujauzito, baada ya nusu ya kwanza ya mimba au hata siku chache baada ya kujifungua, likafika mahali pa kumtikisa mama mwili mzima. Huwa linapiga hodi kabla: kichwa kinauma bila kupoa, macho yanaona ukungu au nyota, uso na mikono inavimba, maumivu juu ya tumbo. Mjamzito wa vijiji vya ziwani, ambaye hospitali kwake ni safari ya boti, akiona dalili hizo asingoje kuanguka.

Kwa hiyo ubora wa neno hatuupimi kwa kuwa la kigeni au la kwetu. Tunaupima kwa picha inayobaki kichwani mwa aliyelisikia. Na wala lugha zetu si dhaifu katika kazi hiyo. Mwaka 1952 homa mpya ya kuvunja viungo ilizuka upande wa Newala. Wamakonde wakaieleza kwa neno lao lenye maana ya kujikunja, kwa jinsi wagonjwa walivyopinda kwa maumivu, na leo daktari wa India au wa Brazil anaandika chikungunya kwenye faili lake bila kujua ameazima Kimakonde. Dengi nayo wengi wanadhani imetokana na kidingapopo chetu. Daktari Mskoti aliyekuwa Zanzibar karne ya kumi na tisa, James Christie, aliandika kuhusu asili hiyo. UKIMWI ulipoingia, nchi ikatunga jina ambalo ukilifungua linajieleza, upungufu wa kinga mwilini. Malaria yenyewe, neno la wasomi, kwa Kiitalia cha zamani ni hewa mbaya, yaani limebeba kosa la watu waliodhani homa inatoka kwenye harufu ya mabwawa. Mbu hakuthibitishwa kuwa na hatia mpaka mwisho wa karne ya kumi na tisa.

Kigoma ina sababu ya pekee ya kulichunga jambo hili. Kwenye benchi moja la kusubiri utamkuta anayezungumza Kiha, anayezungumza Kibembe, Mrundi, na Mkongo wa Kiswahili cha ng'ambo. Mrundi akisema amekunywa ikinini, amesema amekunywa kidonge, chochote kile. Mhudumu akisikia kwinini ataandika historia isiyokuwapo. Baadhi ya Wakongo wakisema palu wanamaanisha malaria, wakisema serumu wanataka dripu. Wote wamejibu kwa Kiswahili kizuri. Wote wamesikiwa vibaya.

Tunalotaka ni dogo na halihitaji bajeti. Tunawaomba wenye kutoa huduma waache swali la "Umeelewa?" Hilo halina jibu zaidi ya moja. Kijana wa watu aliyesomea kazi yake amemaliza kueleza, foleni ni ndefu, mama mtu mzima amekaa mbele yake kwa adabu. Atasema, "Ndiyo, daktari," kama tulivyolelewa wote, na atatoka nje kumuuliza dereva wa bodaboda. Badala yake mwambieni, "Mama, nimesema mengi na pengine sikueleza vizuri. Hebu niambie ukifika nyumbani utampa mtoto dawa vipi?" Hapo kosa litajitokeza lenyewe likiwa bado ndani ya chumba. Na kwenye bahasha andikeni maneno: kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku kabla ya kulala. Asiyejua kusoma, mchoreeni jua na mwezi.

Wewe mzazi, usingoje mpaka hayo yatimie. Kabla hujainuka sema, "Naomba nirudie nilivyoelewa, unisahihishe." Si utovu wa adabu, ni mtoto wako. Kisha rudia kwa lugha yako, pamoja na saa. Kama umeandamana na mtu, arudie naye, maana wawili hawasahau jambo lile lile. Uliza ugonjwa unaitwaje kwa maneno ya nyumbani, dawa ni ya kuua kijidudu au ya kutuliza maumivu tu, na dalili gani ikitokea usiku urudi bila kungoja. Mambo yanayosahaulika, mwombe mhudumu ayaandike nyuma ya kadi ya kliniki. Simu yako ikiweza kurekodi, omba ruhusa urekodi maelezo ya dawa.

Anayeishi mjini akisahau anaweza kurudi kesho. Wanaoondoka na boti za Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini hawana kesho hiyo mpaka boti nyingine ipatikane, na mawimbi hayana ahadi. Kama ni wewe, fungua mfuko wa dawa ukiwa bado ndani ya uzio wa hospitali. Toa bahasha moja moja, itaje dawa, taja saa ya kwanza utakayompa mtoto leo. Ile ambayo huwezi kuitaja, rudi nayo dirishani. Na ukiwa umeshavuka, mtandao ukiwapo, kituo cha simu cha Wizara ya Afya kinapatikana bure kwa namba 199.